Nasaba ya Mbwa, Deni la Mtu

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo, zikikutanishwa, hazisalimiani. Ya kwanza yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza yaweka kila kitu katika damu. Ya pili yaweka kila kitu mkononi mwa mlezi. Sisi tulio watu wa mashairi tumezizoea zote mbili, na kila mmoja wetu huitoa ile imfaayo kwa siku hiyo: akitaka kumlaumu mtoto wa jirani hutoa ya kwanza, akitaka kumlaumu jirani mwenyewe hutoa ya pili. Sikupata kujiuliza ukweli umelalia upande gani mpaka siku nilipotakiwa kuandika nasaba ya mbwa.

Najua msomaji wa visiwani ataguna hapa. Mbwa si kiumbe tunayemkaribisha barazani. Tumelelewa kumwepuka, na chombo alichokilamba twajua huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini tukumbuke pia kuwa dini hiyo hiyo iliyotufundisha kuosha chombo imeruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia na wa kulindia shamba. Kuwa windo la mbwa aliyefundishwa ni halali. Kuwa katika hikaya ya watu wa pangoni mbwa wao hakufukuzwa, bali alilala kizingitini, akahesabiwa pamoja nao. Na kuwa imesimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Katika karne ya 10, mwanachuoni wa Baghdad, Ibn al-Marzuban, alitunga kitabu kizima cha kuwapendelea mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Basi unajisi wa mate ni mlango mmoja, na haki ya kiumbe ni mlango mwingine. Anayeufunga wa kwanza hajapewa ruhusa ya kuufunga wa pili.

Nianze na neno, maana neno ndilo kazi yetu. Pwani tuna neno *mshenzi*. Kwa miaka mingi tulilitumia kumwita mtu wa bara, asiyevaa kama sisi wala kusema kama sisi. Wazungu walipokuja walilichukua kwetu wakawabandika mbwa: katika mashamba ya walowezi wa Kenya na Tanganyika, mbwa wa kienyeji asiye na cheti aliitwa mbwa shenzi. Na neno hilo lilisafiri mbali zaidi. Katika misitu ya Kongo waliishi mbwa wadogo, wenye mkia uliojikunja na paji la uso lenye makunyanzi, wasiobweka kama wengine bali hutoa sauti kama ya kuimba. Wenyeji waliwatumia kuwindia, wakiwafunga njuga shingoni ili wasipotee porini. Mwaka 1937 mfugaji wa Kiingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha mbwa hao katika maonyesho makubwa ya London, na mwaka 1943 chama cha wafugaji cha Marekani kikawaandika katika daftari lake. Jina walilopewa ni *basenji*, lililotokana na usemi wa Kilingala wenye maana ya mbwa wa washenzi, watu wa kijijini.

Tazama kinaya hicho. Mbwa yule yule aliyekuwa shenzi, kwa kuvuka bahari na kuandikwa daftarini, akawa mbwa wa asili tukufu, mwenye cheti, anayeuzwa kwa fedha nyingi huku akiitwa kwa jina la ushenzi. Damu haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni karatasi.

Lakini karatasi nayo ilikuja na gharama zake, na mwenye kuzilipa alikuwa mbwa. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno. Wakazalishwa wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, ili wasitoke nje ya daftari. Kukazuka ugonjwa wa damu. Wafugaji wakawapima na kuwaondoa wenye kuubeba, na kwa kufanya hivyo wakaipunguza zaidi idadi ya wazazi waliobaki. Kisha ukaonekana ugonjwa wa figo, ambao humfanya mbwa akojoe nguvu zake zote mpaka akaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya wafugaji wa Kimarekani walifunga safari hadi Zaire kutafuta vijijini mbwa wengine wa kuongeza damu, na mwaka 1990 daftari likafunguliwa kuwapokea. Yaani waliowaita wenzao washenzi walilazimika kurudi kwa washenzi kuomba uzima.

Nimeyataja haya kwa sababu mji niliopatia funzo langu una habari yake ya nasaba, na habari hiyo imefungamana na kisiwa chetu. Mwaka 1873 wapenzi wa mbwa mjini London waliunda chama cha kuhifadhi nasaba za mbwa, na mwaka uliofuata wakachapisha daftari lao la kwanza. Miaka mitatu tu baada ya chama hicho kuundwa, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, nchi ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi, chini ya majabali yale makubwa yanayosimama peke yake kama watu waliosahauliwa na msafara, waliona mahali panafaa, wakakaa. Ndio mwanzo wa mji wa misheni wa Masasi. Uliposhambuliwa na Magwangwara mwaka 1882, wamisionari walihamishia makao yao Newala, juu ya uwanda, kwa miaka kadhaa.

Fikiri, msomaji mpenzi. Katika muongo mmoja, mbwa wa London walikuwa wakiandikiwa mababu zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne, na huku kwetu walikuwapo binadamu waliokuwa wakiteremka majahazini wasioweza kutaja jina la mama zao, kwa kuwa walichukuliwa wangali watoto wadogo. Watu hao wasio na nasaba ya kuandikika walijenga nyumba, wakalima, wakaoana na wenyeji, wakazaa walimu na mapadri. Hakuna aliyewauliza cheti. Nami kila nipitapo Masasi hujikumbusha jambo hilo kabla sijamsifu mtu yeyote kwa ukoo wake.

Sasa nieleze lililonipata.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, hufanya biashara Masasi. Kule msimu wa korosho ni msimu wa kila kitu: wa harusi, wa kulipa madeni, na wa wezi. Maghala yanahitaji walinzi, na walinzi wanahitaji mbwa. Shemeji aliona fursa. Alinunua Dar es Salaam mbwa wawili wa Kijerumani wa kuchungia kondoo, wale ambao mjini huitwa jemani shepadi, dume na jike, wakiwa bado wadogo. Aliwapata kwa bei nafuu kwa sababu walikuwa wa tumbo moja. Jike alipopata joto kwa mara ya pili alipandishwa na kaka yake, maana dume mwingine wa mbegu ile hakuwepo karibu, na kumpeleka jike Dar es Salaam kulikuwa na gharama. Wakazaliwa saba.

Nilikuwa nimekwenda kumwona dada. Shemeji akanijia na karatasi nzito za rangi ya maziwa. "Shemeji," akaniambia, "wewe una mwandiko, na una maneno. Niandikie vyeti saba. Mteja akikiona cheti haulizi bei mara mbili." Nikaanza kuandika. Jina la baba, wazazi wa baba. Jina la mama, wazazi wa mama. Nikaona majina ni yale yale pande zote mbili. Nikamtazama. Akacheka kidogo, akasema, "Upande wa mama usiufikishe mbali. Andika tu kuwa ni wa ukoo bora kutoka ng'ambo." Nikaandika. Haikuwa uongo kamili: babu yao yule mmoja aliletwa kutoka ng'ambo kweli. Nilijiambia hivyo, na nikaikoleza herufi ya kwanza kwa wino mwekundu ili ipendeze.

Yafaa nieleze kwa lugha nyepesi nilichokificha, maana wakati ule hata mimi sikukijua vizuri. Kila kiumbe hupokea urithi wake kwa jozi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ila iliyofichama upande mmoja aghalabu husitiriwa na uzima wa upande wa pili. Lakini ndugu wa tumbo moja wakizaa, mtoto wao hupata, kwa wastani, robo ya urithi wake ikiwa nakala ya kitu kimoja pande zote mbili. Penye robo hiyo sitara haipo. Ila ya babu, iliyolala vizazi viwili, huamka ikamkuta mtoto hana ngao. Ndiyo maana jamii nyingi za wanadamu zilikataza ndoa za namna hiyo kabla hazijapata darubini wala maabara.

Mmoja wa wale saba alinunuliwa na mwalimu wa Newala. Nilipokwenda tena kusini mwaka uliofuata nilipanda uwanda wa Makonde kuutazama mji ule. Nilisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu na macho yanateremka mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Kisha nikaenda kumsalimu mwalimu, kwa kuwa shemeji alinituma salamu. Akafurahi mno. Cheti changu kilikuwa ukutani, ndani ya fremu yenye kioo. Akamwita mbwa.

Mbwa alikuja kwa shida. Alikuwa na miezi kumi tu, lakini aliinuka kama mzee anayeinuka mkekani, mikono ya mbele kwanza, kisha akasubiri, kisha akavuta miguu ya nyuma. Alipojaribu kukimbia aliirusha miguu ile miwili pamoja kama sungura. Uso wake ulikuwa mzuri, masikio yamesimama, macho yametulia. Akaniwekea kichwa gotini.

Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: "Ndugu yangu, ninyi mnaowajua mbwa hawa, niambieni. Labda nimemlisha vibaya? Ugali wa muhogo hauwafai? Nimepunguza matumizi ya nyumbani nimnunulie dagaa."

Sikujibu. Nilitazama cheti.

Jirani wa mwalimu, mzee wa Kimakonde aliyekuwa msasi ujanani na ambaye hata sasa hulinda shamba lake la muhogo dhidi ya nguruwe pori, alikuwa ameketi nasi. Mbwa wake watatu, wembamba, rangi ya vumbi, walilala kivulini nje ya ua. Mzee alimshika mbwa wa mwalimu kiuno, akakibonyeza taratibu, akamwachia. Akauliza swali moja tu.

"Mama yake nani?"

Msomaji anayewajua watu wa uwanda ule ataelewa uzito wa swali hilo. Kwao nasaba hufuata upande wa mama. Ukoo wa mtu ni ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Wala mtu haoi ndani ya ukoo wake. Mzee hakuwa akifanya falsafa. Aliuliza alivyozoea kuuliza kwa kila kiumbe kinachozaliwa. Na mahali pale pale alipouliza ndipo nilipopaka wino mwekundu.

Nikawaambia. Niliyasema yote, na sitaficha kuwa niliyasema nikitazama chini. Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Mzee akasema: "Basi huyu mtoto hakukosewa na chakula. Mwanangu, hata mbuzi tunambadilishia dume. Mlikuwa na haraka gani?"

Nilipoteremka Masasi nilimtafuta mtaalamu wa mifugo. Alinieleza kuwa ni ulegevu wa kiungo cha nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika kikombe chake, kinasuguana, kinalika, kinauma. Ni maradhi yanayojulikana sana katika mbwa wa mbegu ile. Hurithiwa, lakini si kwa njia moja iliyonyooka. Vipo vinasaba vingi vinavyochangia, na chakula na uzito wa mtoto anayekua navyo vina sehemu yao. Wazazi waweza kupigwa picha ya eksirei wakishakomaa, na wenye nyonga mbovu wasizalishwe. Hata hivyo wazazi wazima waweza kuzaa mlemavu, na wazazi wabovu waweza kuzaa mzima. Nikamuuliza kama angaliweza kusema kwa hakika kuwa mbwa yule amelemaa kwa sababu wazazi wake ni ndugu. Akasema hakuna awezaye kuapa kwa mbwa mmoja. Kinachojulikana ni kuwa hatari iliongezwa.

Nilitoka pale na nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo iliyonisumbua zaidi kuliko lawama. Nafsi iliniambia: huenda angelemaa vyovyote vile, basi huna hatia. Hapa ndipo swali la maadili lilipo, na halihusu mbwa peke yao. Je, kosa letu hupimwa kwa madhara yaliyotokea, au kwa haki tuliyoivunja?

Nimefikia kuamini kuwa nilivunja haki mbili ambazo haziondoki hata mbwa yule angalikuwa mzima kama simba. Ya kwanza ni haki ya mwalimu kujua. Alikuja kununua akiwa na swali, na cheti kililiziba swali lake kwa maneno mazuri. Nilimnyima hata fursa ya kujilaumu kwa haki. Akakaa akijilaumu kwa batili, akipunguza kitoweo cha watoto wake kwa dagaa za kutibu kosa lisilo lake. Ya pili ni haki ya mbwa mwenyewe, na hii yataka maelezo.

Wapo watakaosema mbwa hana haki, ni mali. Lakini tuangalie tofauti iliyopo kati ya kumkuta kiumbe na kumfanya awepo. Mbwa koko anayezaliwa jalalani amezaliwa kwa mapenzi ya Mola na hamu ya wazazi wake. Tukimkuta na njaa tuna wajibu wa huruma. Mbwa wa cheti hakuzaliwa hivyo. Kuna mtu aliyekaa, akapiga hesabu, akachagua dume na jike, akasubiri joto, akafunga mlango. Kila mfupa wa mbwa yule ni uamuzi wa mtu. Kwa hiyo anachodaiwa mtu huyo si huruma. Ni deni. Huruma hutolewa na aliyenacho akipenda. Deni hulipwa upende usipende.

Wamakonde ni mabingwa wa kuchonga, na dunia yawajua kwa kinyago cha ujamaa, ule mhimili wa mpingo ambao watu wamepandana, wa chini akiwabeba wa juu. Mimi huuona kama cheti cha nasaba kilichochongwa: anayeelemewa ni wa chini, asiyeuliza nani wamekaa mabegani mwake. Nasi tuna methali kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni kweli kwa mti. Mwenye kuchonga kwa nyama na mifupa ajue kuwa kinyago chake kitamtazama, kitamwekea kichwa gotini, na ana kila sababu ya kutishika.

Na uchongaji huu umefika mbali. Wapo mbwa waliochongwa pua zikawa fupi mno hata hawavuti pumzi bila kukoroma, na vichwa vikawa vikubwa mno hata wengi wao hawazaliwi ila kwa kupasuliwa mama. Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu iliyofichua maradhi ya mbwa wa cheti, na kelele zilizofuata zikawa kubwa. Nchini Norway jambo hilo lilifika mahakamani. Januari 2022 mahakama ya Oslo iliamua kuwa kuzalisha mbwa wa namna mbili ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama. Rufaa ikaliondoa katazo kwa namna mmoja, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikalithibitisha kwa yule mwingine, mbwa mdogo ambaye amejaa ila za moyo na za fuvu. Hoja iliyokubaliwa ni nyepesi: kiumbe asizalishwe katika umbo ambalo lenyewe ni maradhi. Hapa kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ilitungwa mwaka 2008, lakini tusijidanganye kuwa sheria itaingia katika kila ua ambamo mtu mmoja na rafiki yake wamekubaliana kupandisha mbwa wao.

Kuna watakaonipinga kutoka upande mwingine: watu hawajashiba, wewe walilia nyonga za mbwa? Hoja hii naiheshimu, kwa sababu hutolewa na wenye shida za kweli. Lakini jibu lake lipo kisiwani kwetu. Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Wakfu wa Gates, liliendesha mradi wa kukomesha kichaa cha mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwamo za Mtwara na Lindi, pamoja na kisiwa cha Pemba. Njia ilikuwa kuwachanja mbwa kila mwaka, kwa kuwa wakichanjwa saba katika kila kumi ugonjwa hukosa pa kupita. Wataalamu walizisoma hata nasaba za kirusi chenyewe, wakakuta minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka Pemba. Kufikia Mei 2014 yote ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingizwa kisiwani mara mbili, ukaenea, na haukukomeshwa mpaka Oktoba 2018, baada ya kisiwa kizima kuchanja tena.

Tafakari maana yake. Mtoto wa Pemba anayekwenda chuoni alfajiri, ambaye hajawahi kumgusa mbwa wala hakusudii, uhai wake ulikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua aliyeamua kumchanja au kutomchanja mbwa wake. Kumiliki mbwa hakukuwa jambo la nyumba yake peke yake. Wala hakukuwa na tofauti kati ya mwenye cheti na koko. Kichaa hakisomi nasaba. Anayesema tuwatunze watu kwanza, mbwa baadaye, amedhani kuwa kuna mstari uliokatwa kati yao. Mstari huo haupo.

Basi mtu anayezalisha mbwa anadaiwa nini? Naona madeni matatu. La kwanza ni kujua: awapime wazazi kabla hajawakutanisha, na asikutanishe damu moja kwa kuwa nauli ya kwenda kwingine ni ghali. La pili ni kusema: cheti kisiwe shairi la sifa bali ushahidi, kitaje ila kama kinavyotaja ushindi. La tatu, ambalo wengi hawalipendi, ni kupokea: kiumbe uliyemfanya awepo akikosa pa kwenda, kwako ndiko kwao. Asiyekuwa tayari kuwapokea saba asizalishe saba. Naye mnunuzi anadaiwa. Aulize swali la yule mzee, *mama yake nani*, na ikiwezekana amwone mama huyo kwa macho, amchanje, asimnunue kwa ajili ya fremu ya ukutani. Mwalimu wa Newala alikosa swali hilo moja tu. Mengine yote aliyatimiza, na zaidi.

Nisije nikaonekana namtukuza msasi na mbwa wake wa vumbi. Mbavu zao zilihesabika, na siku nyingi hawakula ila walichokiokota. Lakini mmoja wao aliwahi kupasuliwa ubavu na nguruwe, na mzee alimshona kwa mkono wake, akambeba begani mpaka nyumbani. Alinionyesha kovu. Hakuwa na karatasi ya mbwa yule. Alikuwa na kovu lake. Tangu siku ile zile methali mbili za mwanzo hazinisumbui tena. Damu ina neno, na malezi yana neno, lakini yote mawili huwaangukia walio juu ya mtoto, si mtoto. Wahenga walikuwa na ya tatu iliyozipatanisha, nasi huipita mbio: kuzaa si kazi, kazi kulea.

Niliporudi nyumbani niliandika ubeti mmoja, nikauambatanisha na vyeti sita vipya nilivyompelekea shemeji, vikiwa na majina yote pande zote mbili, awape walionunua:

Mbwa hakuomba kuzawa, ni wewe ulomtaka,
Cheti kikapambwa sawa, kwa wino wa kunyooka,
Mguu ukilemawa, wino utapukutika,
Si jina alilopewa, mkono ndio hushika.

Shemeji hakunisemesha kwa miezi minne. Kisha akaniletea habari kuwa jike amefungwa kizazi, na dume amepata kazi ghalani.

Cheti cha saba nilikipeleka Newala mwenyewe. Nilikwenda na fedha pia, bei yote aliyolipa mwalimu, nusu yangu na nusu ya dada. Mwalimu alizipokea fedha kwa ajili ya dawa ya maumivu, akasema mbwa hamrudishi. Cheti kipya alikisoma chote kwa makini, akafika upande wa mama, akatikisa kichwa. Hakukitia katika fremu. Alikikunja, akakiweka ndani ya daftari pamoja na kadi ya chanjo.